Sifa za Programu Inayojiuzulu

Wapo wanaowasifu wafalme. Mimi naisifu programu ya mauzo na stoo ya duka la pembejeo ninakofanya ukarani hapa Mkiwa, pale barabara ya Itigi inapochepuka kutoka ile ya Manyoni na Singida. Ukiibofya huonyesha nembo, huzungusha kiduara chake, kisha hujifunga na kwenda zake. Wasiojua husema ni mbovu. Hapana: inajiuzulu.

Kujiuzulu nchini kwetu ni adimu kiasi kwamba waliothubutu tunawakumbuka kwa majina. Ali Hassan Mwinyi aliachia Wizara ya Mambo ya Ndani kwa sababu ya watuhumiwa waliofia mikononi mwa polisi Mwanza na Shinyanga mwaka 1976. Edward Lowassa aliachia uwaziri mkuu Februari 2008, kwa sakata la mkataba wa umeme wa Richmond. Lakini hao walishaapa na kukalia kiti. Programu yetu hujiuzulu kabla ya kuapishwa! Haingoji tume iundwe wala ripoti isomwe bungeni. Mzee Mwinyi alirejea, na mwaka 1985 akawa Rais. Hii hurejea kila ukiibofya, na kila mara huachia ngazi upya, kwa uadilifu uleule.

Tena hutunza siri: mwizi hajui tumeuza nini, na mwenye duka hajui. Imelirudishia daftari heshima yake. Haijakosea hesabu hata moja.

Wala haiko peke yake. Tarehe 19 Julai 2024 kompyuta zipatazo milioni 8.5 duniani zilikwama kwa faili bovu la kampuni ya CrowdStrike, ndege zikalala viwanjani. Ila wale siku hiyohiyo walisema ni faili gani. Sisi tuliandikiwa: "Hitilafu isiyojulikana. Wasiliana na msimamizi wa mfumo."

Msimamizi ni mimi!

Nikawapigia waliotuuzia. "Zima, kisha washa." Nimezima, nimewasha. "Ifute, uipakue upya." Kwa bando la nani? Mkulima amesimama na mbegu zake za alizeti, hana risiti, gari la kumrudisha kijijini linapiga honi, na kijana wa huduma kwa wateja ananiuliza kama kompyuta imechomekwa kwenye umeme. Ujumbe wao wa kudai ada ya mwaka, huo haujawahi kujiuzulu. Unafika hata umeme ukiwa umekatika.

Aliyegundua tatizo ni fundi simu wa hapa njiapanda. Umeme ukikatika na kurudi, ruta huweza kuipa kompyuta ya stoo anwani nyingine. Programu huitafuta kwenye anwani ya zamani, haiikuti, inaanguka. Fundi akaipa kompyuta ile anwani isiyobadilika, tukamlipa kama aliyebadilisha kioo cha simu.

Kwa hiyo programu ilijua imekosa nini. Walioiandika ndio hawakuona haja ya kuiachia iseme, "Siioni kompyuta ya stoo." Maneno manne, na leseni tunailipia kila mwaka.

Ndugu msomaji unayetaka kununua mfumo wa duka, kabla hujatoa hela mwambie muuzaji achomoe waya wa mtandao mbele yako, kisha aifungue programu yake. Ikiondoka bila kutaja sababu, usilipe.