Ukitaka Kumwimba Jim Reeves, Punguza Sauti

Ningepewa mamlaka ya nchi hii hata kwa wiki moja, sheria yangu ya kwanza ingekuwa kuwazuia watu kumwimba Jim Reeves kwa makelele. Ule wimbo wake He'll Have to Go ni wa mtu aliye kwenye simu. Mpenzi wake yuko upande wa pili, na kando ya mpenzi huyo kuna mwanamume mwingine. Jamaa anambembeleza bibie asogeze mdomo karibu na simu wasemezane polepole. Hadithi yote ni hiyo. Sasa njoo Jumapili alasiri kwenye ile baa ya nyama choma karibu na kwetu umsikie mwimbaji wetu, kofia ya Texas kichwani, buti za Gikomba miguuni, akiupaaza mpaka mbuzi waliobaki nyuma ya jiko wanaitikia. Kwa sauti hiyo simu ni ya nini? Yule mwanamume mwingine ameshasikia kila kitu, yeye na mtaa mzima.

Reeves naye alianza kwa kuimba kwa nguvu kama wenzake wa enzi hizo. Baadaye akaisogelea maikrofoni, akateremsha sauti, na Chet Atkins, prodyuza wake wa Nashville, akamzungushia ala chache za upole. Kufika mwaka 1960 wimbo huo ulikuwa unavuma. Miaka zaidi ya sitini imepita na mwimbaji wetu bado hajapata habari.

Halafu kuna harusi. Nani aliwadanganya watu kwamba I Will Always Love You ni wimbo wa harusi? Dolly Parton aliutunga mwaka 1973 alipotaka kuondoka kwenye kipindi cha televisheni cha Porter Wagoner, bosi wake aliyemwinua. Kwa lugha ya ofisini, ile ni barua ya kuacha kazi, iliyoandikwa kwa adabu kuliko zote nilizowahi kusoma. Lakini kwetu bibi harusi anaingia nao ukumbini, mchungaji anatabasamu, mama mkwe anafuta machozi, na hakuna anayejiuliza mbona huyu anaaga kabla hata keki haijakatwa.

Na wakiuimba, wanaimba ule wa Whitney Houston. Na Whitney mwenyewe sina ugomvi, najua mipaka yangu. Mwaka 1992 aliuanza bila ala yoyote, taratibu, akaupandisha hatua kwa hatua, na ukakaa kileleni Marekani wiki 14. Dolly naye akavuna mrabaha, kwa sababu miaka ya nyuma Elvis Presley alipoutaka, meneja wake alidai nusu ya haki za wimbo, na Dolly akakataa ingawa alilia. Ninaowalaumu ni wanafunzi wa Whitney. Binti wa kwaya anaanzia pale Whitney alipomalizia, juu kabisa, hana tena pa kupandia. Ikifika ile sehemu ngoma inapopigwa mara moja na sauti inaruka, maiki inapiga mluzi, emsii anakimbilia spika, watoto wanaziba masikio. Mimi kila kamati ya harusi huipendekezea You're My Best Friend wa Don Williams, wimbo ambao mtu anaweza kuuimba ameketi, tena ameshiba. Huniambia ni wa wazee.

Hata kufa hakumsaidii mtu. Jim Reeves alifariki katika ajali ya ndege Julai 1964, Kenya haijatimiza hata mwaka mmoja wa uhuru. Mwaka 1966 akaongoza chati za Uingereza kwa Distant Drums, rekodi ya majaribio aliyoiacha, wakaiongezea okestra. Mwaka 1981 wakamwimbisha na Patsy Cline, ambaye naye ajali ya ndege ilimchukua mwaka 1963. Kila mmoja alikuwa amerekodi kivyake, mafundi wakawaunganisha. Cha kuudhi ni kwamba marehemu hao wawili wanapatana kuliko mwimbaji wetu wa Jumapili na mpiga kinanda wake, ambao wote wako hai na wamesimama jukwaa moja.

Juzi nilinunua flashi mjini, nyimbo mia mbili za kantri, muuzaji akiapa kwa mamake kwamba zote ni za wenyewe. Kufika nyumbani, The Gambler unaimbwa na mtu nisiyemjua, akimwiga Kenny Rogers kama kijana anayemwiga chifu nyuma ya hema la baraza. Najua kuna msomaji atakayeniambia Kenny naye hakuwa wa kwanza, kwamba wimbo ni wa Don Schlitz na Bobby Bare aliurekodi kabla yake. Kweli kabisa. Lakini Kenny alitusimulia, ndiyo maana yule mzee wa kwenye treni tunamwona mpaka leo akiomba tone la wiski. Huyu wa kwenye flashi alikuwa na haraka ya kushuka.

Wanaojua kazi wapo. Johnny Cash, mwaka 2002, mgonjwa na umri umekwenda, aliuchukua Hurt wa Trent Reznor, akaondoa tusi moja akaweka miiba, na Reznor mwenyewe akakiri kwamba wimbo umeshahama kwake. Luke Combs, dume zima na ndevu zake, aliimba Fast Car wa Tracy Chapman bila kugusa hata lile neno linalomfanya yeye kuwa msichana wa kaunta dukani. Na mwaka huo, 2023, chama cha muziki wa kantri huko Nashville kikampa Tracy tuzo ya wimbo bora kwa kitu alichokitoa mwaka 1988.

Ugomvi uliobaki ni wa nyumbani kwangu, kuhusu Jolene. Dolly anamwomba yule mrembo asimchukulie mume. Beyoncé, mwaka 2024, amebadilisha maneno, sasa anamwonya. Nikamwambia mke wangu kwamba ukishamtisha Jolene, wimbo umekufa, maana utamu wote ulikuwa kwenye yale magoti.

"Baba Njeri," akasema, "wewe si ndiye unamwomba fundi wa mabomba arudishe deposti yetu kwa magoti? Tangu Pasaka?"

Nikasema hayo ni mambo mawili tofauti.

"Haya. Nipe namba yake. Namwimbia ya Beyoncé."

Aliongea dakika mbili, akiwa amesimama, sufuria mkononi. Kabla ya ugali kuiva, M-Pesa ikalia. Pesa zote zimerudi, na ya kutolea juu. Kuhusu wimbo, hata hivyo, bado nasema Dolly ndiye mwenye haki.