Heshima kwa Brevis

Watu wa Dar es Salaam wameisema sana Brevis. Ukitaja tu kwamba unataka kuinunua, shemeji anacheka, fundi anakupa pole, na jirani mwenye IST anakuuliza kama umechimba kisima cha petroli uani. Nimechoka kusikiliza. Gari lililotubebea mabibi harusi wote wale, likatufikisha misibani tukiwa tumenyooka kama wakurugenzi, halistahili matusi haya. Leo naisifu, tena kwa kile kile inachotukaniwa: kiu.

Tuanze na ukoo, maana hatuzungumzii gari la mtaani. Brevis ilitengenezwa Japani kuanzia 2001 hadi 2007, injini ya silinda sita zilizojipanga mstari mmoja, cc 2,491, au cc 2,997 kwa wenye roho ngumu. Ndugu zake ni Mark II na Verossa, na Mark X iliyokuja mwishoni mwa 2004. Kwao Japani kodi ya gari ya kila mwaka hupanda kadiri cc zinavyopanda, na gari la petroli likivuka miaka 13 huongezewa kodi nyingine. Mzee aliyeitunza hadi viti vikabaki vinanukia upya hana budi kuiachia kwa bei ya kutupa. Kenya hawaipokei, sheria yao haitaki gari lililozidi miaka minane. Sisi tuna roho pana. Tunamtoza mwenye nayo ushuru wa uchakavu, tunamtoza na ushuru wa bidhaa wa asilimia 10 kwa sababu amevuka cc 2,000, halafu tunamfungulia geti la bandari na kumtakia safari njema.

Kinachonigusa zaidi ni kwamba gari hili lilizaliwa na nia njema. Ile D4 iliyoandikwa juu ya injini ilibuniwa ili kubana matumizi ya mafuta. Ndiyo, kubana. Petroli hairushwi kwenye njia ya hewa kama ilivyo kwa injini za kawaida. Inapigwa kwa presha kubwa moja kwa moja ndani ya silinda, ili injini isiyo na mzigo iweze kuendea mchanganyiko mwembamba, hewa nyingi na mafuta kiduchu. Walioipanga hesabu hiyo hawakuwa wamekaa Tabata Relini saa kumi na mbili jioni. Tena, kwa kuwa petroli haipiti tena kwenye valvu za kuingiza hewa, hakuna cha kuziosha, na masizi hujijengea humo taratibu. Pampu ya presha nayo haipendi mafuta machafu. Ndiyo maana fundi akifungua boneti na kuona maandishi yale, huifunga kwanza, akafuta mikono, kisha akasema, “Hii ni D4, kaka,” kwa sauti ya daktari anayeuliza kama umekuja na ndugu.

Wanaoibeza wanasema mjini inakwenda kilomita sita au saba kwa lita. Sibishi. Ni chuma cha kilo 1,500 hivi, kinasukumwa na magurudumu ya nyuma, na kila kikisimamishwa na taa kinapaswa kuanza upya kuusogeza uzito wote huo. Kikikwama kwenye foleni na AC inavuma, kinakunywa lita nzima kwa saa au zaidi bila kusogea. Hata barabara ikiwa wazi, katika kila lita ni robo hivi tu inayogeuka mwendo. Nyingine inaondoka na rejeta na ekzosi kama joto. Lakini mbona hatumwulizi mwenye Passo robo yake inakwenda wapi? Fizikia ni ile ile, ila yeye anapoteza kidogo na kwa aibu. Brevis inapoteza kwa heshima.

Nendeni sheli jioni mkaone heshima hiyo. Gari linaingia taratibu, jeusi, limeng'arishwa, vioo vyeusi vimepandishwa. Wauza mafuta wawili wanakimbilia pampu moja. Kioo kinashuka vidole viwili, ubaridi unatoka, manukato yanatoka.

“Ya ngapi, bosi?”

“Kumi.”

“Elfu kumi au lita kumi?”

Swali hili halina ubaya, lakini limekwisha kuvunja wanaume wengi. Kunapita kimya. Kisha sauti inasema “elfu” kwa upole ambao sijausikia kwa mwenye gari dogo yeyote. Lita tatu na kitu zinaingia kwenye tangi la lita 70. Mshale wa geji unatikisika kidogo, kama mtu aliyesikia jina lake kwa mbali, unarudi kulala. Taa ya mafuta haizimiki. Kuna Brevis mjini ambazo taa hiyo imekuwa sehemu ya dashibodi, na siku ikizimika mwenyewe atampigia fundi wa umeme.

Huyu mtu mnayemcheka ndiye anayewajengea barabara. Serikali ilipofuta ada ya mwaka ya leseni ya gari mwaka 2017, haikuisamehe. Iliihamishia kwenye mafuta kwa kuongeza shilingi 40 kila lita. Tangu hapo anayekunywa zaidi analipa zaidi, na analipa kila siku bila kufukuzwa na mtu. Humo humo kwenye lita kuna tozo ya barabara, kuna na fungu la umeme wa vijijini. Kwa hiyo taa inapowaka kwenye kijiji ambacho hajawahi kukisikia, mwenye Brevis ana haki ya kuvimba kifua kidogo. Ni yeye pia anayejua Jumatano ya kwanza ya kila mwezi, siku EWURA inapotangaza bei kikomo, kama waumini wanavyojua mwandamo wa mwezi. Mwaka 2022 bei ilipoipita shilingi 3,000 kwa lita, wengine walilalamika. Yeye alinyamaza. Alishazoea.

Nyumbani ndiko kiu hii inakofanya kazi yake tamu. Mwenye Vitz hana Jumamosi: mpeleke mama mdogo Bunju, mpitie binamu Gongo la Mboto, ukirudi nichukulie unga. Mwenye Brevis haombwi. Ukoo mzima umeshapiga hesabu, na shangazi mwenyewe anasema, “Mwacheni, lile gari lake lina mambo.” Anakaa nyumbani na watoto. Anatembea kwa miguu hadi dukani, anasalimiana na majirani, tumbo linapungua. Siku za kazi anatoka saa kumi na nusu alfajiri kuikwepa foleni, analala mbele ya geti la ofisi hadi kuche, na bosi anamwona mchapakazi. Kwenye mteremko anaweka nyutro ili gari lijiendee bure. Mtu wa ufundi atakwambia ni kinyume: ukiliacha kwenye gia, injini ya siku hizi inakata mafuta yenyewe, ukiweka nyutro inabidi inywe ili isizime. Ni kweli, lakini msimwambie. Kila dini ina ibada zake.

Hofu yangu ni gesi. Gesi ya Songo Songo imekuwa ikiingia Dar tangu 2004, na sasa wenye magari wanapanga foleni kufungiwa mitungi. D4 wamejaribu kuiingiza kwenye mkumbo huo, na hata huko imeonyesha msimamo: mara nyingi huachiwa petroli kidogo iendelee kupita ili nozeli zilizomo ndani ya silinda zisiungue. Ameacha pombe, ila glasi moja jioni ni ya dawa. Na buti, lile buti lililomeza magunia mawili ya mpunga na mkungu wa ndizi kutoka Moshi, sasa limejaa mtungi.

Kwa aliyeshawishika, zipo nyingi sokoni, na matangazo yake yote kama yameandikwa na karani mmoja: haijawahi kupata ajali, AC inapoza, muziki mnene, haili mafuta, mwenyewe anasafiri. Ukipiga simu utamkuta msafiri yuko Kimara, hana haraka. Atakuomba uende wewe kuiangalia, kwa sababu leo kuileta mjini hataweza.