Kwa Heshima ya Vijinchi

Nimekuja kuvisifu vijinchi: zile dola za mtu mmoja, mkewe, wanawe na mbwa wao, zilizojitangazia uhuru shambani, chumbani au juu ya sitaha katikati ya bahari. Zina bendera, zina stempu, zina wimbo wa taifa na mawaziri wasiodai mshahara. Zinachokosa ni nchi nyingine ya kuzitambua tu, na wenyewe wanasema hilo ni suala la muda.

Wahariri wa kamusi elezo huwapokea watawala hawa kama mwenye gesti anavyompokea mgeni asiye na begi. Wana hoja, sikatai. Siku hizi mtu akiwa na printa na shuka la rangi mbili anaweza kuwa rais kabla ya chakula cha mchana. Ukimpa huyu ukurasa, jirani yake naye atadai wake. Ila mimi naona kazi ya kuchuja ilishafanywa, tena na serikali kubwa zenye mahakama, polisi na baruti. Mhariri kazi yake ni kunakili.

Chukua Utemi wa Sealand. Wakati wa Vita Kuu ya Pili Waingereza walijenga ngome baharini, kiasi cha kilomita 12 kutoka pwani ya Suffolk: nguzo mbili nene za zege na sitaha juu yake. Vita vikaisha, wakaitelekeza. Mwaka 1967 Roy Bates, meja wa zamani wa jeshi aliyewahi kuendesha redio bila leseni, akahamia humo, na tarehe 2 Septemba, siku ya kuzaliwa ya mkewe Joan, akatangaza uhuru. Waume wengine siku kama hiyo hununua manukato. Mwaka uliofuata wafanyakazi walikuja na chombo kushughulikia boya la jirani, wakakaribishwa kwa risasi za onyo. Bates na mwanawe Michael wakashtakiwa Chelmsford. Mahakama ikaona ngome iko nje ya maili tatu za bahari ya Uingereza, kwa hiyo haina mamlaka juu ya yaliyotokea huko. Tangu hapo hukumu ile ndiyo ikawa jibu la Bates kwa kila aliyemuuliza maswali.

Utamu wenyewe ni wa 1978. Alexander Achenbach, Mjerumani aliyekuwa akijiita waziri mkuu wa Sealand, alituma mamluki Bates akiwa safarini, wakaiteka ngome na Michael ndani yake. Baba akarudi na helikopta, watu wakashuka kwa kamba, mapinduzi yakaishia hapo. Kati ya waliokamatwa alikuwemo wakili Mjerumani mwenye pasi ya Sealand. Huyo alishtakiwa kwa uhaini na kufungwa palepale. Uingereza ilipoombwa iingilie, ikakumbusha hukumu ya Chelmsford: kule si kwetu. Ikabidi Ujerumani Magharibi, ambayo mahakama yake ya Cologne ilikwisha kuamua mwaka huohuo kwamba Sealand si nchi, imtume mwanadiplomasia hadi juu ya zile nguzo kumwombea raia wake. Bates akamwachia mfungwa, kisha akatangaza kwamba ujio wa yule mwanadiplomasia ndio kutambuliwa kwenyewe. Achenbach naye akaunda serikali ya uhamishoni. Sitaha moja, serikali mbili! Kuna mataifa yenye kiti Umoja wa Mataifa yaliyochukua miaka mingi kufika hapo.

Italia ilifanya kazi ya uhariri kwa ukali zaidi. Mhandisi Giorgio Rosa alijenga jukwaa la mita za mraba 400 nje ya Rimini, na mwaka 1968 akaliita jamhuri, lugha rasmi Kiesperanto. Polisi wakalikalia kabla ya miezi miwili kupita, na Februari 1969 wanamaji wakalitia baruti. Milipuko haikulizamisha, dhoruba ndiyo iliyokuja kumalizia. Sasa nani ataniambia kwamba jeshi la wanamaji lilipiga baruti kitu kisicho na umuhimu?

Leonard Casley wa Australia Magharibi hakupigwa baruti. Alichukizwa na mgawo wa kuuza ngano, mwaka 1970 akalitoa shamba lake katika Australia kwa jina la Hutt River, na 1977 akaitangazia Australia vita kwa siku chache. Hakuna aliyekufa, sifa ambayo majemadari wenye nishani nyingi hawana. Utemi ule ulidumu nusu karne, ukafungwa 2020 ukiwa na deni la kodi la mamilioni ya dola. Ofisi ya kodi haikuwahi kuitambua Hutt River, lakini haikuwahi kuisahau pia.

Kuna jambo moja ambalo sifa zangu hazilifuniki. Kati ya Misri na Sudan lipo jangwa la Bir Tawil, zaidi ya kilomita za mraba 2,000, lisilodaiwa na nchi hizo zote mbili. Waingereza walichora mpaka mmoja mwaka 1899 na mwingine 1902. Anayeidai Bir Tawil anapoteza pembetatu ya Halaib, yenye pwani, kwa hiyo kila mmoja anamsukumia mwenzake. Mwaka 2014 Mmarekani mmoja, Jeremiah Heaton, alichomeka bendera huko ili binti yake awe binti mfalme. Mpaka wa 1902 ulipindishwa kuwafuata Waababda, wafugaji waliokuwa wakilisha mifugo yao pale. Huyo mfalme hakuwauliza. Ukimnyima ukurasa, habari za Bir Tawil utabaki kuzisikia kwake mwenyewe. Ukimpa, Waababda wanaingia, ramani mbili zinaingia, na mstari wa kwanza unasema bila kumung'unya kwamba ufalme huu hautambuliwi na nchi yoyote.

Ndiyo maana watemi wapya wanaoandika barua za kuomba ukurasa wanajichosha bure. Waache kodi zirundikane, au wakalifyatulie risasi za onyo boya la serikali. Afisa akishafika na hati ya kuitwa mahakamani, mhariri atajileta mwenyewe, na ya kunakili atayakuta tayari.