Watano Wanaojiita Sita

Usiku, ndani ya duka la komiki jijini New York. Juu, ndani ya mfuko wa nailoni wenye kadibodi mgongoni, imetundikwa nakala ya kwanza ya The Superior Spider-Man ya Januari 2013. Chini, kwenye sanduku la bei ya kutupa, imelala nakala ya kwanza ya The Superior Foes of Spider-Man, ya Julai mwaka huohuo. Mende anatokeza chini ya kaunta, ameshiba.

UKUTANI: Wewe mdogo wangu wa sandukuni, acha kujigeuzageuza. Vumbi linanifikia.

SANDUKUNI: Shikamoo, kaka. Vumbi lenyewe linapita juu ya nailoni, hata halikugusi.

UKUTANI: Marahaba. Ila nakuambia kwa nia njema: wewe ulijiponza. Jina la Spider-Man umeliweka kwenye jalada, mnunuzi anafungua ndani, Spider-Man haonekani ila kwa nadra tu. Huo si utapeli?

SANDUKUNI: Ni utapeli, kaka, sikatai. Anayenisimulia ni Fred Myers, yule Boomerang. Alikuwa mrushaji wa besiboli, akafukuzwa kwa kula rushwa, sasa anarusha bumarangi za kuua watu kwa malipo. Ulitaka mtu wa namna hiyo aanze hadithi kwa kusema kweli?

MENDE: Halafu wako watano, wanajiita Sinister Six, yaani sita. Nilihesabu kwa miguu yangu, mmoja ukabaki hewani.

UKUTANI: Mzee Mende, nawe unasoma takataka hizi?

MENDE: Nasoma kwa meno, mwanangu. Wewe na nailoni yako nitakuanzia wapi?

UKUTANI: Basi mimi nina shujaa anayelinda jiji zima.

MENDE: Shujaa yupi? Huyo uliyembeba ni Doctor Octopus, adui wa Spider-Man! Walibadilishana miili, na kwenye toleo la 700 la The Amazing Spider-Man, Peter Parker, Spider-Man mwenyewe, akafia kwenye mwili wa mzee mgonjwa. Aliyebaki kavaa mwili wa mwenzake, kavaa na sare yake, na watu wanampigia makofi.

UKUTANI: Aliapa atakuwa Spider-Man bora kuliko Peter.

SANDUKUNI: Wangu hata kuapa hawajui. Ila niambie, kaka: wangu wanapanga wizi, wanasalitiana hata kabla mali haijapatikana. Wako kaiba mtu mzima, roho imetoka. Mbona mimi ndiye niliyetupwa huku na wewe umetundikwa?

UKUTANI: Kwa sababu mimi nauzika.

SANDUKUNI: Hapo umesema. Mwenye duka wa Marekani anaagiza komiki miezi miwili mitatu kabla, hata kurasa hajaziona, na zikimdodea kwa kawaida harudishi. Kwa hiyo anaagiza majina anayoyajua. Akisoma kwenye orodha Boomerang, Shocker, Speed Demon, Overdrive na Beetle, anauliza ni kina nani hao, anaagiza kwa kuogopa. Wakosoaji wakanisifu kweli, lakini sifa hazilipi kodi ya pango.

MENDE: Nami nilikuwa nawadharau hao, mpaka nilipofika kwa Shocker. Jamaa ana vazi la njano na kahawia lililotiwa pamba kama mfarishi, limkinge na mitetemo ya glavu zake mwenyewe. Mwoga kupindukia! Na huyohuyo ndiye anayeokota kichwa cha Silvermane, bosi wa mafia aliyebaki kichwa cha mashine kinachoongea. Wababe wa jiji wanakihangaikia, kumbe kiko kwa mtu ambaye wenzake hawamhesabu hata kwenye watano.

SANDUKUNI: Usimsahau Janice, yule Beetle. Kasomea sheria, mwanasheria kamili. Ila baba yake ni Tombstone, na kwao ujambazi ni kazi ya ukoo.

MENDE: Nick Spencer kaandika, lakini mimi namvulia kofia Steve Lieber. Kuna mahali kwenye kiputo cha maneno hakuna maneno, kachora vipicha tu, na ugomvi wote unaeleweka.

UKUTANI: Yote sawa. Ila mlifungwa, sivyo?

SANDUKUNI: Tulifungwa toleo la 17, Novemba 2014. Tena kila mtu alidhani tutazikwa mapema zaidi. Na wewe, kaka? Hadithi yako kuu si ilifungwa Aprili, Peter akarudishiwa mwili wake? Kwa hiyo "foes", maadui wa huyo "Superior", yaani bora, walibaki wakati bora mwenyewe ameshaondoka.

UKUTANI: (kimya, kisha kwa sauti ya chini) Ninakaa juu hapa tangu siku ile niliyowekewa kadibodi. Hakuna aliyenifungua.

MENDE: Mwenye kukufungua anakushusha bei.

UKUTANI: Basi, mdogo wangu, nisimulie wewe. Huyo Fred, baada ya kuwasaliti wote, aliishia wapi?

SANDUKUNI: Hayo yako kwa mdogo wetu wa 17, nilikuwa nimemlalia. Lakini ukurasa wake wa mwisho siuoni... Mzee Mende?

MENDE: Ulikuwa na wino mtamu. Na msinitolee macho! Fred anadanganya tangu ukurasa wa kwanza, huo wa mwisho ndio angekwambieni ukweli?