Ukizaa Mchakato, Uulee

Kwenye Unix, na kwenye Linux iliyofuata nyayo zake, programu huzaa. Mzazi huita fork, na papo hapo wanakuwa wawili, wamefanana kama shilingi kwa ya pili. Kinachowatofautisha ni jibu: mtoto hupewa 0, mzazi hupewa namba ya mtoto. Ishike namba hiyo, maana ndiyo utakayomwitia, utakayomsubiria na utakayomzuilia.

Kwa Python, mwenye mtoto mmoja wa kazi fupi atosheke na subprocess.run, iliyoingia na toleo la 3.5 mwaka 2015: huzaa, husubiri, hukuletea majibu. Ninayetaka kusema naye hasa ni yule anayetumia Popen, anayezaa kisha akaendelea na shughuli zake.

Ndugu yangu, msikilize mtoto. Nilikesha usiku mzima na programu ya kubadili video iliyoganda kila ikifika kwenye faili kubwa, ndogo zikipita bila shida. Nilizikagua video weee, hazikuwa na kosa. Mtoto alikuwa anaeleza kazi yake mstari kwa mstari, nami nimemwekea paipu nisiyoisoma. Paipu ya Linux kwa kawaida hubeba baiti 65,536. Ikijaa, mtoto husimama mpaka mzazi asome. Mzazi naye ameita wait, anasubiri mtoto amalize. Wanangojana hivyo hadi asubuhi, bila hata ujumbe mmoja wa kosa. Dawa ni communicate, inayosoma huku ikisubiri. Kama huna haja na maneno yake, yaelekeze DEVNULL tangu mwanzo. Usimruhusu mtoto kusema kisha ukaziba masikio.

Akimaliza, mpokee. Mtoto aliyekwisha kufa hubaki kwenye orodha ya michakato akiwa zombi, ameshikilia jibu lake la mwisho, mpaka mzazi aite wait. Kumpiga kill -9 hakusaidii, kwani amekwisha kufa. Karekebishe msimbo wa mzazi. Mzazi akitangulia kufa, yatima kwa kawaida huchukuliwa na mchakato namba 1, naye ndiye atakayemzika.

Ukilazimika kumsimamisha, anza na terminate. Hilo ni ombi: linampa nafasi ya kufunga faili na kufuta vya muda. Mpe sekunde chache. Asiposikia, tumia kill, na bado uite wait.

Wajukuu nao usiwasahau. Ukizaa kupitia sheli, unaweza kuiua sheli huku mjukuu akiendelea kuitafuna kompyuta. Mzae mtoto kwa start_new_session, ili siku ya kufunga uuite ukoo mzima kwa killpg. Na jina la faili alilokuletea mtumiaji usilipitishe kwenye sheli kabisa. Peleka amri kama orodha.

Mimi kabla ya kufunga kazi huandika ps aux, nikapitia safu ya hali taratibu, nikitafuta herufi Z.