Mbia Mwenye Kasia

Serikali na sekta binafsi zikikutana hotelini kujadili maafa, husaini hati ya makubaliano, hupiga picha ya pamoja, kisha hula. Sina ugomvi na chakula. Ila ubia uliofanya kazi kweli ulionekana Bukoba, tarehe 6 Novemba 2022, ndege ya Precision Air ilipotumbukia Ziwa Victoria, karibu kabisa na uwanja, ikiwa na watu 43.

Sekta binafsi, yaani wavuvi, ilifika kwa mitumbwi. Haikuwa na nembo wala mkataba. Rasilimali zake zilikuwa makasia, kamba na mikono. Zabuni haikutangazwa, wala fomu ya posho haikuzungushwa. Watu 24 walitoka hai. 19 walipoteza maisha.

Kijana mvuvi Majaliwa Jackson, aliyesimulia kuwa alitumia kasia kuufungua mlango wa ndege, alizawadiwa shilingi milioni 1 na kupewa ajira katika Jeshi la Zimamoto na Uokoaji. Vema: mbia mmoja kaingia serikalini. Wenzake je, waliobaki ziwani?

Waheshimiwa, kabla ya warsha ijayo, wapelekeeni wavuvi majaketi okozi, mafuta ya boti, na namba ya simu ambayo mtu huipokea.