Utukufu wa Laptopu Kuukuu

Ng'ombe wa Burundi ana washairi wake. Tangu enzi za wafalme amesifiwa pembe, mwendo na rangi, na hadi leo anayemtakia mwenzake heri humtakia ng'ombe. Mamba naye hakusahaulika. Gustave, lile jitu la mto Rusizi linalodaiwa kula watu wasiohesabika, lilipewa jina la Kifaransa, likafuatwa na wapiga picha, na mwaka 2007 Wamarekani wakalitolea filamu. Laptopu kuukuu haijapewa chochote. Inakula vumbi na matusi pale Gatumba, kilomita chache kabla ya mpaka wa Kongo, na salamu yake ya kila asubuhi ni swali moja tu: leo itawaka? Dhuluma hiyo imedumu vya kutosha.

Tuanze na nasaba, maana msifiwa lazima awe na kwao. Laptopu ya aina hii mara nyingi ni ThinkPad ya Lenovo, Latitude ya Dell au EliteBook ya HP, yaani watoto wa ofisini, waliotengenezwa kwa ajili ya makarani wa makampuni makubwa ya ng'ambo. Ilitumikia huko, ikastaafishwa, ikauzwa kwa mafungu, ikapita Dubai au Ulaya, na kila njia imeiachia chale. Iliyotoka Ghuba ina herufi za Kiarabu pembeni mwa zile za Kilatini, na plagi ya miguu mitatu minene isiyoingia kwenye matundu mawili ya mviringo ya ukuta wa Burundi. Iliyotoka Ujerumani imebadilishana Z na Y. Mwenyewe amesoma kwa Kifaransa, vidole vyake vimezoea A ikae pale kibodi ya Kiingereza inapoweka Q, na namba zidai Shift. Basi anaandika nywila yake sawasawa, mashine inaandika nyingine, na vile vidoti vyeusi vinasitiri kosa lote. Usalama wa namna hiyo mabenki huununua kwa fedha nyingi. Mwizi hawezi kuingia, na mwenye mali pia hawezi.

Fadhila yake nyingine ni unyenyekevu mbele ya umeme. Betri ilishakufa zamani, imebaki mahali pake kwa heshima tu. Sehemu ya umeme wa Burundi huzalishwa Ruzizi II, kituo ambacho Burundi inashirikiana na Rwanda na Kongo, kwenye mto uleule wa Gustave unaoteremka hadi tambarare ya Gatumba na kuingia Ziwa Tanganyika. Umeme ukipepesa kwa nusu sekunde, friji haina habari, balbu inakonyeza, laptopu inazima. Mwalimu aliyekuwa akiingiza alama za muhula hujifunza kuhifadhi kazi kila anapomaliza jina moja. Wenye betri nzima hawatakaa waipate nidhamu hiyo.

Inapozidi kuugua hupelekwa kwa fundi, na mazungumzo ya hapo yana utaratibu wake.

"Fundi, imekuwa nzito mno. Kufungua barua moja nusu saa."

"Uliiangusha, mwalimu?"

"Hata siku moja."

Fundi hajibu. Anaitazama kona iliyopasuka, anaiwasha, anasoma. Kusoma ndiko wengine wote hawakufanya. Jirani alishasema ni virusi, binamu akapiga Windows upya, mtu wa tatu akashauri memori iongezwe. Kumbe kila asubuhi, kabla ya kuwaka, Dell hiyo ilikuwa ikieleza kwa maandishi kwamba haitambui aina ya chaja, kwamba itakwenda polepole na kwamba haitajaza betri, kisha ikaomba F1 ibonyezwe ili iendelee. Mwenyewe akabonyeza F1 kwa miezi. Ndani ya tundu la chaja za Dell kuna sindano nyembamba katikati, na kazi yake ni kupeleka habari kutoka kichipu kidogo kilichomo kwenye chaja kinachotaja nguvu yake. Sindano ikipinda, au chaja ikiwa ya bandia, mashine huhofia kuvuta umeme usiotosha na hushusha kasi ya prosesa kwa makusudi. Hapakuwa na virusi. Kulikuwa na mashine ya kweli iliyosema ukweli bila kusikilizwa, na ni viongozi wangapi wanaweza kusifiwa hivyo?

Kuhusu wakati, laptopu kuukuu ina msimamo wake. Kwenye mazabodi hukaa kibetri cha mviringo, mara nyingi CR2032 ya volti 3, kinacholinda saa hata mashine ikizimwa. Kikiisha, saa hurudi tarehe ya kiwandani, tuseme 1 Januari 2009. Hapo intaneti inagoma. Tovuti huthibitisha utambulisho wake kwa vyeti vyenye tarehe ya kuanza na ya kuisha, na laptopu inayoishi 2009 inaviona vyeti vya leo kuwa havijaanza kutumika. Mtu hulalamikia mtandao, hununua megabaiti nyingine, huilaumu kampuni ya simu, Lumitel au Econet, na kumbe dawa ni kibetri chenye ukubwa wa sarafu. Lakini nani atamlaumu mgonjwa kwa kuchagua mwaka huo? Kwa saa yake, Rusizi bado haijavunja kingo na kuizamisha Gatumba Aprili 2020, wala ziwa halijapanda tena 2024.

Utukufu wenyewe, hata hivyo, uko kwenye draiva, yaani programu inayoiwezesha mashine kuzungumza na kila kifaa chake.

Mashine imepigwa Windows mpya, inapendeza, lakini haina sauti, haina waifai, na maandishi kwenye kioo yamevimba. Ukifungua orodha ya vifaa, ambayo Gatumba mara nyingi husomwa kwa Kifaransa, unakuta alama ya mshangao ya njano na maneno kwamba kifaa hakijulikani. Wengi hukata tamaa hapo. Fundi mzuri huingia kwenye sifa za kifaa na kutafuta namba zake za utambulisho, kwa sababu kila kifaa kilichochomekwa kwenye mazabodi hubeba jina la ukoo na jina lake binafsi. Ukoo ni VEN: 14E4 ni Broadcom, 10EC ni Realtek, 10DE ni Nvidia. Intel ilijichukulia 8086, namba ya prosesa yake ya mwaka 1978, majivuno ambayo mtunga sifa lazima ayaheshimu. Baada ya ukoo huja DEV: 14E4 ikifuatwa na 4315 ni kadi ya waifai BCM4312, wala si nyingine. Kifaa kilichoitwa hakijulikani kilikuwa na kitambulisho kamili muda wote huo. Hakuna aliyekiomba.

Kisha linakuja fumbo linalowapa watu mvi: draiva ya waifai iko kwenye intaneti, na intaneti iko upande wa pili wa waifai. Simu huvunja fumbo hilo. Ichomekwe kwa waya wa USB, ruhusa ya kugawa intaneti iwashwe, na mara nyingi laptopu huiona simu kama kadi ya mtandao. Kwa dakika kumi simu ya vidole inambeba mzee aliyekuwa akiidharau.

Wapenzi wa Linux wasicheke. Kwa miaka mingi Broadcom haikutoa draiva huria za kadi zake za waifai, na wapenzi waliojitolea walilazimika kuchunguza draiva ya kampuni hatua kwa hatua ili waandike ya kwao, iitwayo b43. Hata ilipokamilika haikutosha, kwani kadi ilihitaji programu yake ya ndani ambayo haikuruhusiwa kusambazwa. Ikabidi itungwe programu ya kuichomoa kutoka kwenye draiva ya kampuni yenyewe. Broadcom ililegeza mkono Septemba 2010, lakini kwa kadi mpya zaidi. Ile BCM4312 ilibaki na mahari yake ileile. Watu wazima, wenye shahada, walikesha usiku kwa ajili ya kadi ndogo kuliko kiganja. Ng'ombe gani amewahi kupendwa hivyo?

Joto la laptopu kuukuu nalo lina historia. Julai 2008 Nvidia iliwatangazia wawekezaji kwamba imetenga kati ya dola milioni 150 na 200 kwa ajili ya chipu za picha zilizokuwa zikifa ndani ya laptopu, kwa sababu vifaa vilivyotumika kuziunga havikustahimili kupashwa na kupozwa kila siku. Duniani kote wenye HP na Dell za wakati ule waliingiza mazabodi kwenye oveni ya mikate. Nyingi zilifufuka, wiki chache. Gatumba, kwenye tambarare ya joto ya Imbo, chanzo huwa cha kawaida zaidi: fundi hufungua mlango wa feni na kuvuta tabaka la vumbi lililoshikamana kama kipande cha blanketi. Hulionyesha kwa mwenyewe, ambaye huapa kwamba nyumbani kwake hufagiwa kila siku.

Na mashine ikikataa kabisa kuwaka, ikilia milio tu, au taa ya Caps Lock ya HP ikikonyeza mara kadhaa na kutulia, huo si mkosi. Idadi ya milio au mikonyezo ndiyo inayotaja kiungo kinachouma. Mara nyingi ni memori. Fundi huchomoa vipande vyote viwili, hurudisha kimoja, huwasha, hubadilisha, huwasha tena, na hagusi kitu cha pili kabla hajajua jibu la kitu cha kwanza. Kisha huchukua raba ya mtoto wa shule na kusugua meno ya dhahabu ya memori, kwa kuwa unyevu wa ziwa huacha utando usioonekana. Ikiwaka, hutoza fedha za ujuzi, siyo za raba, na yuko sahihi.

Wapo wanaosema dawa ya haya yote ni kununua mpya. Waseme. Mwaka 2012 Apple ilitoa MacBook Pro ya kioo cha Retina yenye memori iliyolehemiwa kwenye mazabodi na betri iliyogundishwa kwa gundi, na wengine wakafuata mtindo huo. Mashine kama hizo haziugui kidogo kidogo. Hufa siku moja, kimya, na fundi mwenye bisibisi hana pa kushika. Windows 11 nayo hudai chipu ya usalama ya TPM 2.0 na prosesa ambazo mashine za kabla ya 2017 kwa kawaida hazina. Msaada wa bure wa Windows 10 ulipokoma tarehe 14 Oktoba 2025, mamilioni ya laptopu nzima ziliambiwa zimezeeka. Umoja wa Mataifa ulikadiria takataka za kielektroniki za mwaka 2022 kuwa tani milioni 62, na chini ya robo yake ndiyo iliyorekodiwa kuwa imekusanywa na kurejelezwa ipasavyo. Laptopu ya Gatumba haimo kwenye lundo hilo. Imewekewa Linux Mint, inachapa barua za maombi ya kazi, na inatoza subira tu.

Siku ikifa kabisa, mirathi hugawanywa palepale mezani. Kioo kinakwenda kwa huyu, bawaba kwa yule, kibodi huuzwa kitufe kimoja kimoja. Kadi ya waifai hujaribiwa kwenye ThinkPad ya mteja mwingine, na ThinkPad, ambayo BIOS yake, programu ya kuiwashia, ina orodha ya kadi zilizoidhinishwa tu, inaandika kosa namba 1802: kadi hii hairuhusiwi, zima uitoe. Fundi anazima, anaitoa. Anaijaribu kwenye HP. Kosa 104, mfumo umesimama, maneno tofauti lakini dharau ileile. Anaisugua kwa raba, anaichomeka kwenye Dell, ambayo kwa kawaida haina ubaguzi huo. Dell inaipokea bila neno, inawaka hadi mwisho, na kwenye orodha ya vifaa inachomoza alama ya mshangao ya njano.